Divai Juu ya Damu

Inspekta Dobrila Tešić aliziweka picha mezani kwa mara nyingine, na kwa mara nyingine mkuu wake akazisukuma kando apate pa kuweka kikombe cha kahawa.

"Dobrila, dada yangu, hivi wewe ulilala jana?" Obren alimwuliza.

"Angalia kitambaa cha meza."

"Nimeangalia. Mtu kafa, damu imemwagika, divai imemwagika. Haya, kuna jingine?"

"Divai haikumwagika, imemwagwa. Chupa hii hapa, imesimama wima na kizibo chake. Kuna mtu aliuzima mshumaa kwa divai, ikachuruzika mpaka kwenye kitambaa. Na maabara wanasema ilipita juu ya damu, tena damu iliyokwisha kuanza kuganda."

Obren alikunywa kahawa, lakini macho yake yakabaki kwenye picha. Hakuna Mserbia anayehitaji kufundishwa habari za mshumaa wa slava. Kila ukoo una mtakatifu wake, na siku ya mtakatifu huyo mshumaa huwashwa asubuhi juu ya meza iliyoandaliwa, ukawaka wageni wakiingia na kutoka. Haupulizwi kwa mdomo. Mwenye nyumba huuzima kwa matone ya divai, yeye na si mtu mwingine.

"Kwa hiyo unaniambia," Dobrila aliendelea, "kwamba huyu Sreten tuliyemkamata aliruka ukuta, akampiga mtu risasi, akangoja damu igande, akamimina divai kwa adabu zote, akaziba chupa, ndipo akatoka mbio."

"Sreten aliapa baa nzima ikimsikia kwamba atamshonea Mshonaji sanda. Gari lake lilionekana mtaa uleule, asubuhi ileile."

"Anasema alikwenda kumpa heri ya slava na kuomba yaishe. Tulimkuta na chupa ya pombe ya plamu, imefungwa utepe."

"Bila kualikwa?"

"Tangu lini mtu akaalikwa slava, mkuu?"

Obren alicheka shingo upande. Kesi ilikuwa imemkaa kooni. Momir Gajtanić, ambaye Belgrad nzima ilimwita Mshonaji kwa sababu baba yake alikuwa fundi cherehani, alikuwa ameuawa jana, siku ya Mtakatifu Nikola, ndani ya nyumba yake kule Banovo Brdo. Padri alikuwa amekuja, amekata mkate wa slava, ameondoka. Wageni walikuwa hawajafika. Majirani na walinzi walisikia mlio mmoja na wakadhani kuna mtu anasherehekea, maana tangu vita viishe watu walikuwa wakifyatua bastola kwa ubatizo, harusi na hata mpira. Walinzi wa getini waliapa kwamba baada ya padri hakuingia mtu mpaka alipofika Zdravko, kum wa marehemu, aliyemsimamia ndoa. Na mlango wa jikoni, ule wa nyuma, polisi waliukuta umepigwa komeo kwa ndani.

"Wakubwa wanataka jina kabla ya mazishi," alisema Obren. "Jina ninalo. Saa tisa Sreten anahamishiwa gereza kuu."

"Atapigwa risasi akishuka garini. Nusu ya kituo hiki inakula kwa Zdravko, saa hizi wameshamwambia gari litasimama wapi."

"Basi tutakuwa tumeokoa gharama za kesi."

"Sreten ni mwizi na mwongo, mkuu. Lakini hili si lake, na mimi sitamwacha afe kwa hili."

Obren alikuwa mtu wa kuchoka, si mtu mbaya. "Niletee jina jingine kabla ya saa tisa. Jina, pamoja na kitu cha kushika mkononi. Ukiniletea mshumaa tena nakupeleka idara ya paspoti."

*

Getini kwa Mshonaji tangazo la kifo lilikuwa limeshabandikwa, lenye ukingo mweusi na picha ya marehemu akitabasamu. Upepo wa košava ulikuwa umelichana kona moja, na mlinzi alikuwa akihangaika kulirudishia kwa gundi. Alimpisha Dobrila bila neno.

Zdravko alimpokea sebuleni, jitu la miraba minne ndani ya suti nyeusi. Alijimiminia kinywaji, akadondosha matone kidogo sakafuni kwa ajili ya marehemu, ndipo akanywa. Karibu na dirisha alisimama kijana mwembamba ndani ya koti la ngozi lililompwaya mabegani. Dobrila alilitambua lile koti. Katika picha zote za Mshonaji magazetini alikuwa amelivaa.

"Ognjen," alisema Zdravko kwa kujivuna. "Mtoto wa kaka yake Momir. Sasa ndiye mwanamume wa nyumba hii."

"Pole kwa msiba, Ognjen."

Kijana aliitikia kwa kichwa. Mkono wake wa kulia haukutoka mfukoni.

"Nieleze tena ulivyomkuta," Dobrila alimwambia Zdravko.

"Kwani jana hukuandika?"

"Mwandiko wangu mbaya. Nani alikufungulia mlango?"

"Mama Bosiljka. Mama yake Momir. Mkewe yuko Vienna, kila mtu anajua."

"Alisema nini?"

"Alisema, ingia Zdravko, yupo mezani. Nikaingia. Alikuwa mezani kweli." Lile jitu liliizungusha glasi mkononi. "Nilipiga ukelele mpaka walinzi wakaacha geti."

"Na mama?"

"Mama alisimama tu mlangoni, mikono ndani ya aproni. Mshtuko, dada. Watu hushtuka kila mtu kwa namna yake."

"Ukauzima mshumaa."

Zdravko aliweka glasi chini kwa kishindo. "Mimi? Mtakatifu wangu mimi ni Đorđe! Kwenye slava ya mwenzio wewe ni mgeni, hata nyumba iwake moto. Nilipoingia ulikuwa umeshazimwa. Unanionaje, mimi mtu asiye na kwao?"

"Nauliza tu."

"Usiulize upuuzi. Unajua huyu mtu alikuwa nani? Tulikuwa watoto, tunakula mkate na mafuta ya nguruwe. Tukaenda Gothenburg, tukafungua maduka ya vito pasipo funguo. Vikwazo vilipotubana na nchi nzima ikakosa petroli, nani aliileta? Sigara nani alileta? Wajane wa mtaa ule alikolelewa walipata kuni kila majira ya baridi, hakuna aliyewaomba hata asante."

"Na wenye vibanda waliokataa sigara zake waliungua na vibanda vyao."

"Kila kazi ina makosa yake," alisema Zdravko bila haya. Kisha akasogea karibu na kushusha sauti. "Wewe si mtu mbaya, Dobrila. Nenda nyumbani. Damu ni ya ukoo huu, na mkono wa kuilipa utakuwa wa ukoo huu. Leo hiihii."

Dobrila alimtazama tena kijana wa dirishani na kufahamu kile mkono wake ulichokuwa ukishika. Akimkamata huyu, Zdravko atatuma mwingine, na gari litaondoka palepale saa tisa. Aliwaacha akaenda jikoni.

Bosiljka Gajtanić alikuwa amekaa kwenye kigoda akiponda kokwa za jozi za kutia kwenye ngano ya kuchemsha. Jana ilikuwa ngano ya slava, leo alikuwa akiipika upya iwe ya mazishi. Samaki wa jana, karpu wakubwa wa slava inayoangukia siku za mfungo wa nyama, walikuwa bado kwenye masinia, hakuna aliyewagusa. Mlango wa nyuma ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kigoda chake, na komeo lake la chuma liling'aa.

"Mama, pole."

"Nimepoa, mwanangu. Chukua kijiko, ule ngano. Umwombee."

Dobrila alifanya ishara ya msalaba, akala. Kisha akauliza kwa upole, maana hakuwa na moyo wa kuuliza vingine: "Mshumaa uliuzima wewe?"

Mchi ulisimama. "Nyumba yenye maiti haina slava."

"Ni kweli. Uliuzima kabla Zdravko hajagonga."

Mama alianza kuponda tena.

"Ulikuwa na mwanao, peke yenu wawili, mpaka damu ikaanza kuganda. Hukuita walinzi. Hukupiga yowe, mama. Mimi nimeingia nyumba nyingi za msiba mji huu, sijaona mama asiyepiga yowe."

"Yowe lingemfufua?"

"Hapana. Lingewaleta walinzi wakakimbilia uani."

Bosiljka alinyanyua uso. Ulikuwa uso mkavu, wa mtu aliyekwisha kuamua. "Una watoto, wewe?"

"Sina."

"Basi maliza ngano yako uende."

Dobrila aliimaliza, kwa sababu ngano hiyo haiachwi kijikoni. Akasimama nje kwenye ngazi za nyuma, koti likipigwa na upepo, akalipanga jambo lote kichwani. Mlango wa jikoni hushinda wazi siku ya slava, maana mama huingia na kutoka ghalani. Muuaji aliingia hapo na akatoka hapo. Komeo alilipiga mama baada yake, ili ionekane hakuna aliyepita. Mama aliyeuawa mwanawe angemfukuza muuaji kwa kisu cha kupasulia samaki. Huyu alimpa muda wa kufika mbali. Kuna mtu mmoja tu duniani ambaye mama angemfanyia hivyo, naye alikuwa hajaonekana msibani.

*

Vitomir Gajtanić, kaka wa marehemu, alifundisha fizikia sekondari na kuishi katika moja ya majengo marefu ya Belgrad Mpya, ambako lifti hufanya kazi inapojisikia. Leo haikujisikia. Dobrila alipanda ngazi huku akijua kwamba hana hati ya kuingia wala ruhusa ya kumhoji. Lakini ilikuwa siku ya pili ya slava, na siku ya pili nayo ina wageni wake.

Mlango ulifunguliwa na mtu mrefu mwenye nywele nyeupe, sweta limefumuka mkononi.

"Heri ya slava, mwenye nyumba," alisema Dobrila.

Vitomir alimjua, jana alimwona kwenye televisheni. Alisita, mkono kwenye kitasa. "Ndugu yangu amekufa. Sisherehekei."

"Sikuja kusherehekea. Lakini mgeni wa slava hafukuzwi, au huku kwenu mnafukuza?"

Alimpisha. Hakuwa na budi. Chumbani meza ilikuwa imeandaliwa tangu jana: mkate wenye alama ya msalaba, ngano kwenye bakuli la kioo, sahani tupu za wageni ambao hawakuja. Ukutani palikuwa na alama ya mraba, rangi yake mpya kuliko sehemu nyingine ya ukuta.

"Picha ya mtakatifu iko wapi?"

"Kwa Momir. Aliichukua baba alipofariki. Mimi ndiye mkubwa, slava ilikuwa iwe kwangu, lakini yeye alikuwa na nyumba." Alisema bila uchungu, kama mtu anayesoma somo alilolifundisha miaka mingi. Alimletea ngano, kisha kahawa, kisha kinywaji, na muda wote alikuwa amesimama. Mwenye nyumba haketi siku ya slava yake. Huhudumia akiwa wima mpaka mgeni wa mwisho aage.

"Hamkuwa mkisemeshana?"

"Tangu mazishi ya baba. Miaka kumi na mmoja... hapana, zaidi. Sikumbuki."

"Na jana asubuhi?"

"Nilikuwa hapa. Nikingoja wageni."

"Nani alikuona?"

"Huoni? Hawakuja." Alitabasamu kidogo. "Wote wana akili. Wamekwenda kula samaki wa tajiri."

Dobrila alizungusha kikombe. "Tunaye mtu, unajua. Sreten. Walinzi hawakuona mtu mwingine, na mlango wa jikoni tuliukuta una komeo kwa ndani. Kwa hiyo wakubwa wangu wanasema muuaji lazima alipita mbele."

"Komeo?" alisema Vitomir.

"Komeo. La chuma."

Rangi ilimtoka usoni. Alitazama pembeni, pale kwenye alama ya ukutani, na Dobrila akaona midomo yake ikilirudia neno lile bila sauti. Alikuwa ametoka kwenye mlango ule akaurudishia tu nyuma yake, akaenda zake akiamini kwamba mama yake yuko ghalani, hajaona kitu. Sasa alijua ni mikono ya nani iliyolisukuma lile komeo.

Akavuta kiti, na katika slava yake mwenyewe, mbele ya mgeni, akaketi.

Dobrila aliweka kikombe chini. Alimwacha akae.

"Amekuambia yeye?" Vitomir aliuliza baadaye.

"Hajaniambia neno. Na hataniambia. Atakwenda nalo kaburini kwa ajili yako."

Alifunika uso kwa viganja vyake, na alipovitoa alianza kusema upesi, kama mtu aliyekwisha choka kubeba mzigo. "Ognjen alirudi nyumbani usiku wa kuamkia Nikola na bastola. Zawadi ya slava, anasema, kutoka kwa baba mdogo. Ana miaka ishirini. Anasomea ujenzi. Asubuhi nikaichukua akiwa amelala, nikaenda kuirudisha. Nilipitia bustani ya jirani, sikutaka wale mbwa wa getini wanipekue. Nikaingia, nikamwambia Momir, nimekurudishia chuma chako, niachie mtoto wangu."

"Akasema nini?"

"Akacheka. Hakuwa na ubaya, nakuapia, alicheka kama tulipokuwa wadogo. Akasema, 'Kaka, wewe mfundishe fizikia, mimi nitamfundisha kuishi. Sina mtoto. Nyumba hii itakuwa yake, slava itakuwa yake, na kazi itakuwa yake.' Kazi! Mkate na mshumaa mbele yake, anaita ile kazi. Na mimi nilikuwa bado nimeishika."

Nje upepo ulitikisa vioo. Dobrila alimhurumia kwa roho safi, na hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Mwalimu, nisikilize. Sreten anahamishwa saa tisa. Zdravko ameshapanga mtu wa kumngoja kwenye geti la gereza. Amesema mkono uwe wa ukoo. Nimetoka huko sasa hivi. Ognjen amevaa koti la baba yake mdogo."

Vitomir alimkodolea macho. Ilimchukua muda mfupi tu, alikuwa mtu wa hesabu. Kisha sauti ikamtoka ambayo haikuwa neno.

Aliinuka akaenda roshani. Hapo, kama kwenye roshani nyingi za jengo lile, palikuwa na pipa la kabichi ya kuchachua ya majira ya baridi. Aliondoa jiwe, akaondoa ubao, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko ndani ya maji ya chumvi yaliyokuwa karibu kuganda. Alirudi na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, unachuruzika, akauweka mezani karibu na ngano. Umbo la bastola lilionekana wazi.

"Simu iko wapi?" aliuliza Dobrila.

Obren alipokea mara moja. "Sema."

"Zuia gari. Ninayo bastola na ninaye mtu."

"Jina?"

"Gajtanić."

"Acha utani. Gajtanić amekufa."

"Huyu ni aliyebaki."

Akamsikia Obren akipiga kelele korido nzima kwamba gari lisitoke, na mtu akijibu kwamba injini imeshawashwa, na Obren akimtukania mama yake. Sreten angeishi mpaka kesho. Lakini Zdravko asingeamini neno la polisi, na kijana angekwenda kusimama pale getini kumngoja mtu yeyote atakayeshuka garini. Dobrila alimnyoshea Vitomir simu.

"Wewe ndiye wa kumwambia," alisema. "Mimi hataniamini."

Vitomir alipiga namba ya nyumba ya ndugu yake. Aliijua kwa moyo, ingawa hakuwa ameipiga tangu mazishi ya baba yao. Alipojibiwa alisimama wima.

"Ognjen? Ni baba. Tulia, nisikilize, usimwite Zdravko bado. Vua hilo koti... Vua kwanza, ndipo nitakuambia." Alingoja mpaka koti likavuliwa. "Sreten hakumuua baba yako mdogo. Ni mimi. Nilikwenda na ile bastola uliyokuja nayo, nikamuua mimi, kwa mkono wangu. Umenisikia? Hakuna mtu wa kumlipizia. Ukitaka damu yake, mimi niko hapa nyumbani, naondoka na polisi."

Upande wa pili Dobrila alisikia kitu kizito kikiwekwa juu ya mbao, kisha sauti ya kijana ikivunjika, kisha hatua, na simu ikipita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Vito," ilisema sauti ya kikongwe, karibu sana, kama iko chumbani. "Vito, mwanangu. Umekula?"

Mwalimu aliegemea ukuta. Meza ilikuwa mbele yake, imejaa, na hakuwa ameonja kitu tangu juzi.

"Bado, mama," alisema.

"Kula kwanza. Mwambie huyo binti akungoje."

Dobrila alivuta kiti kingine, akamkatia kipande cha mkate, akamngoja.